Karatasi ya Pili

Maiti ilikuwa sakafuni, kati ya meza na mlango wa jikoni, mkono mmoja umenyooshwa mbele. Zulia lilikuwa limekunjamana nyuma yake. Mzee hakuanguka na kutulia, alijikokota kwanza.

Inspekta alichuchumaa kando yake. Kituoni walimwita Kobe kwa mwendo wake wa taratibu, naye aliwaacha wamwite, kwa kuwa waliomcheka ndio hao hao waliomletea kesi zilizowashinda.

"Daktari anasemaje?"

"Moyo, Afande," alijibu konstebo. "Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mgonjwa wa siku nyingi. Alikuwa akitunga lile fumbo la herufi saba la gazetini. Tarishi wa gazeti alikuja kulichukua saa kumi, akachungulia dirishani, akamwona."

"Na vidonge vyake?"

"Havionekani. Na kwa kawaida havitoki mezani."

Kobe aliinuka, magoti yakalalamika. Mezani palikuwa na chupa ya chai, bunda la karatasi nyeupe, na vipande saba vya mbao vilivyopangwa mstari mmoja: M, O, T, H, E, R, S. Kando yake ilikuwepo karatasi yenye maneno ya Kiingereza yaliyopatikana kwa herufi hizo. Storm. Short. Other. Mother. Yote yalikuwa yamekatwa, hakuna hata moja lililosalimika.

Shemeji wa marehemu alikuwa jikoni, mama wa miaka sitini hivi, amevaa aproni, mikono imetulia mapajani.

"Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Umekaa hapa muda gani?"

"Miaka tisa. Nilikuja kumuuguza dada yangu. Hakumaliza mwaka. Nikabaki namtazama shemeji."

"Leo alicheza na nani huu mchezo wa maneno?"

"Peke yake."

"Wewe huujui?"

"Mimi na Kiingereza wapi na wapi? Kazi yangu sufuria."

Kobe alishukuru, akatoka barazani kumwona tarishi. Kijasho kilikuwa bado kinamtoka.

"Unachezwaje?"

"Wanacheza wawili, mzee. Kila mtu na karatasi yake. Wakimaliza wanasomeana. Neno walilolipata wote wawili wanalikata, hilo halina alama. Linalobaki ndilo lenye alama."

"Kwa hiyo anayecheza peke yake hakati kitu."

"Atakata nini?"

"Na yeye alikuwa akicheza na nani?"

Tarishi alitazama viatu vyake. "Aliniambia anacheza na mkewe. Tangu siku hiyo sijavuka kizingiti kile. Fumbo nalipokelea hapa hapa nje."

Kobe alirudi ndani, akavuta droo ya meza. Ilijaa karatasi zilizofungwa mbili mbili kwa pini, kila jozi na tarehe yake. Moja ilikuwa ya mwandiko wa mzee. Nyingine ilikuwa ya mwandiko mwembamba uliolalia kulia. Konstebo alichukua rafuni daftari la mapishi la marehemu mke wa mzee, akalinganisha, akalirudisha upesi.

"Ni mkono wake, Afande. Lakini hii ni ya juzi, na yeye amekufa miaka minane."

"Wafu hawaandiki tarehe," alisema Kobe.

Alisema kwa sauti ya kazi. Mkewe mwenyewe alifariki mwaka juzi, na mpaka leo hulala upande mmoja wa kitanda, upande wa pili akimwachia nafasi. Alikitazama kiti kilichokuwa ng'ambo ya meza. Mto wake ulikuwa umebonyea, na kwa kitambo kidogo aliogopa kweli.

Mtaalamu wa maabara ya polisi, aliyekuwa ameingia nyuma yao, aliliinua lile bunda la karatasi nyeupe, akalimulika tochi kwa upande. Mtu aliyeandika kwenye karatasi iliyong'olewa alikuwa ameikandamiza kalamu, na alama zilizama kwenye karatasi ya chini. Maneno yakajitokeza taratibu, yale yale ya mzee, yamekatwa yote. Chini kabisa lilibaki moja lisilokatwa: thermos.

Mwandiko haukulala. Ulikuwa wima, mnene, wa mtu asiye na haraka.

Kobe aliubeba ule mwandiko kichwani mpaka jikoni. Ukutani, juu ya jiko, palibandikwa ratiba ya dawa za mzee. Alisimama mbele yake, akauona mwandiko ule ule wa wima, mnene.

"Ratiba hii nani ameiandika, mama?"

"Mimi."

"Karatasi ya leo iko wapi?"

Mama alitia mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nilikusudia kuichoma. Moyo ukakataa."

"Nieleze."

"Tulipomzika dada, shemeji aliweka karatasi mbili kama kawaida, akaenda kujinyoosha mchana. Alikuwa hali wala hasemi. Nikamwonea huruma. Mwandiko wa dada naujua, nilikuwa nikimwandikia kazi zake za shule. Nikajaza. Alipoamka aliona, akalia, akala. Nikasema leo tu. Leo ikawa miaka minane."

"Mbona huo ulikuwa wema?"

"Ulikuwa wema. Lakini kila siku nikileta chai ananionyesha karatasi. 'Umeona dada yako alivyo na akili? Wewe sijui ulitokea wapi.' Yangu hayo, mwanangu. Maneno yangu."

Alipangusa meza iliyokuwa safi.

"Leo nikakaa kwenye kile kiti. Nikaandika mbele yake, kwa mkono wangu. Alicheka, akanichezesha kama mtoto. Tukaanza kusomeana. Kila neno lake nilikuwa nalo. Kicheko kikakatika. Mwisho likabaki langu. Herufi zote saba, nalo ni hiyo chupa ya chai. Namwekea mbele ya pua yake kila siku, na hakuiona."

"Akafanyaje?"

"Akaniangalia, akajua. Akasema, 'Kumbe wewe. Umemuua mke wangu mara ya pili. Kesho usiwepo hapa.' Niende wapi mimi? Kisha akajishika kifua."

"Na vidonge?"

Alitoa kichupa mfukoni mwa aproni, akakiweka mezani taratibu, kifuniko bado kimefungwa.

"Vilikuwa karibu nami kuliko yeye. Nikavitia mfukoni, nikaja kukaa hapa. Nilimsikia akijikokota. Nilisema moyoni, akiniita tu, nampelekea."

"Hakukuita?"

"Aliita." Alikisogeza kile kichupa upande wa Kobe. "Aliita jina la dada. Nikamwachia dada aitike."