Sauti ya Dume Jikoni kwa Mchumba Wangu

"Yule mjinga tumtilie sumu kwenye rubisi. Akianguka tu, mali yote yetu!"

Sauti ya mwanamume. Nzito, inakwaruza kama gunia la mawe...

Halafu ikaja sauti ya pili, ile niliyokuwa nikiiota kila siku.

"Sumu niachie mimi. Ananiamini."

Anatolia!! Mchumba wangu! Harusi Jumamosi, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshakamuliwa kwa sherehe!

Jamani, hii ni Kiruruma, mwaka 1988. Nilikuwa nimempelekea sukari ya harusi. Sasa nimeganda nyuma ya jiko la kwao, mvua inanipiga, moyo unadunda mpaka migomba inatikisika. Msicheke. Ilitikisika!

"Tupa!" likanguruma lile dume.

Vitu vikamwagika mezani... karakara!

"Migongo yote juu! Amekufa!"

Mungu wangu. Na ramli wanapiga!

Sukari niliiacha hapohapo kwenye tope. Nilikimbia hadi kwa Elpidius, kamanda wa sungusungu, rafiki yangu tangu seminari.

"Kamugisha, una uhakika?"

"Nimesikia kwa masikio yangu! Kuna dume ndani!"

Akachukua filimbi. Mimi nikachukua panga.

Tulipofika mlangoni, dume lilikuwa linacheka. Kicheko cha mtu aliyekwisha kula urithi wangu.

Nikaupiga mlango teke.

"Hakuna kutikisika!!"

Ndani... wanawake watatu.

Anatolia. Bibi Nyirabahire, jirani yao. Na pale mwisho wa meza, amejifunga kitenge kichwani kama kilemba cha mfalme... Placidia.

Mama mkwe!

Wa Kagera wenzangu mmeshashika vichwa. Kwetu mama mkwe humtazami usoni, wala huketi naye chumba kimoja. Ukimwona njiani, unaingia porini apite. Mimi nimemvamia na panga!

Nikageukia ukuta.

"Yuko wapi huyo mwanamume?"

Ile sauti nzito ikajibu nyuma yangu:

"Ni mimi. Jambazi mkuu wa pori la Rugu."

Placidia!!

Elpidius akainama mezani. Punje za kahawa, zimetupwa, nyingine tumbo juu, nyingine mgongo juu.

"Kamugisha... huu si ule mchezo wetu wa seminari?"

Ndio wenyewe. Mwalimu wetu Mzungu alitufundisha: mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa na majambazi, punje za kahawa badala ya dadu zinaamua nani afe: migongo yote juu, umekufa. Kila likizo tuliucheza barazani kwa kina Anatolia.

"Niliwaomba mnifundishe," Anatolia akasema. "Ukanijibu nini?"

Nikazidi kuubana ukuta.

"Ukasema ni wa vijana wasomi wenye miwani. Nikawamenyee ndizi. Mlidhani nabeba birika tu, sina masikio?"

Nyirabahire akasonya.

"Miwani huna, na kuona pia huoni. Umemvamia mama mkwe na panga, kijana. Hiyo harusi haipo tena."

Ndiyo mila. Nikamsikia Anatolia akianza kulia... na mimi uso ukutani, siwezi hata kugeuka kumwomba radhi.



Kisha lile dume likakohoa.

"Harusi gani? Mkwe gani? Mimi hapa simwoni mkwe."

"Mama..." Anatolia akanong'ona.

"Namwona mlinzi wa lango aliyechelewa zamu. Mlinzi! Geuka uketi!"

Nikamtazama Elpidius. Kamanda mzima anatazama dari.

Nikageuka. Nikaketi. Kwa mara ya kwanza tangu uchumba nikamtazama mama mkwe usoni... jicho limejaa utundu!

Akanisogezea kibuyu.

"Rubisi, mlinzi. Karibu."

"Ina sumu?"

"Tupa punje tujue," akasema Anatolia, anapangusa machozi.

Nikatupa.

Migongo yote juu.

Nikafa! Nilianguka chini ya meza kwa mbwembwe hadi kuku wakatoka nje. Na Jumamosi, marehemu nikaoa.

Wadogo zangu, ukimnyima mtu kiti mezani kwako, usishangae kukuta ana meza yake, na anayetiliwa sumu ni wewe.

Mama mkwe ameshatangulia. Nje ya jiko lile hatukutazamana kamwe, mila ni mila.

Ndani, aliniua kila Jumapili.