Chen Amehamishiwa Harbin

Kila asubuhi Bibi Hosiana wa Ibadakuli hufagia uwanja wake. Kisha humsindikiza mjukuu wake Vumilia hadi barabarani. Vumilia ni fundi cherehani. Hushona barazani kwa Gulnaz, mwenye duka la vitambaa mjini Shinyanga. Gulnaz hamtozi kodi ya baraza. Husema kelele za cherehani humfukuzia usingizi.

Vumilia aliolewa mwaka jana na Chen. Chen ni Mchina. Alikuwa akitengeneza mashine za kuchoronga miamba huko Geita, na Kiswahili cha mitaani alijifunza kwa mafundi wenzake. Siku ya kwanza kufika Ibadakuli alipiga magoti, akasema, "Shikamoo, Bibi. Mzuka upo?"

"Marahaba," Bibi alijibu. "Upo kidogo."

Tangu siku hiyo Bibi alimpenda.

Mkataba wa Chen wa Geita ulipokwisha, kampuni yake ilimrudisha China, katika mji wa Changsha. Vumilia alibaki ili aombe viza ya kumfuata. Alisafiri hadi Dar es Salaam. Alitoa alama za vidole, akaacha pasipoti, nakala ya cheti cha ndoa na barua ya mwaliko. Barua hiyo aliiandika Chen. Ilisema: mke wangu atakaa nami Changsha, na mimi nitamtunza.

Jioni moja Chen alipiga simu.

"Vumilia, kazi imehama. Bosi ananipeleka Harbin."

"Harbin ni wapi?"

"Kaskazini kabisa. Mto unaganda, watu wanatembea juu yake."

"Na karatasi zangu zinasema Changsha. Nifanyeje?"

"Sijui," alisema Chen. "Ngoja niulize huku."

Bibi alikuwa akichambua mboga pembeni. Hakungoja mtu aulize.

"Unyamaze," alisema. "Safari haitangazwi. Ikitangazwa inaingia mdudu. Binamu yako Marselino alitangaza anakwenda Mwanza. Gari likafia njiani, Mabuki."

"Bibi, lile gari halikuwa na mafuta."

"Na mafuta yalikwisha kwa sababu gani? Kwa sababu alitangaza. Karatasi zimesema Changsha, nawe sema Changsha. Ukifika, utahama taratibu."

Bibi akavaa miwani, akakaa wima kama ofisa.

"Mume wako anaishi wapi?"

"Har... Changsha."

"Umejikwaa. Tena."

"Bibi, mimi sijui kudanganya."

"Si kudanganya, ng'wanawane, mwanangu. Ni kutunza safari."

Majirani nao Bibi aliwaambia kwamba Vumilia anakwenda Kahama. Lakini alisikia habari za mto unaoganda, akamhurumia mjukuu wake. Alikwenda mnadani, akanunua koti la mitumba. Lilikuwa nene kama godoro. Jirani yao, Mama Athanas, alimwona akilibeba kichwani chini ya jua kali.

"Bibi, koti la nani?"

"La Vumilia."

"La huko Kahama?"

"Siku hizi Kahama kuna upepo."

Mama Athanas hakubisha. Alimpokea lile koti, akambebea hadi nyumbani.

Kesho yake Vumilia alikwenda gengeni kununua nyanya. Simu yake aliiacha kwenye chaji. Ikaita. Bibi akapokea.

"Habari za asubuhi. Naitwa Eunice. Napiga kutoka ofisi ya viza, Dar es Salaam. Naomba kuongea na Vumilia."

Bibi akafikiri. Mama Athanas ana shangazi Dar es Salaam.

"Nani kakutuma?" aliuliza.

"Sijatumwa na mtu, mama. Nina swali kuhusu safari yake ya China."

"Vumilia hana safari."

"Hana? Na mume wake, bado anafanya kazi Changsha?"

"Mume gani?"

"Mama, hapa mezani nina nakala ya cheti cha ndoa."

"Basi kiulize hicho cheti."

Eunice alimtakia siku njema, akakata simu. Vumilia aliporudi, Bibi alimpokea kwa furaha.

"Kuna mtu alikuja kuchunguza safari yako kwa simu. Nimemfukuza. Alijifanya ofisi ya viza."

Vumilia aliitazama namba. Ilikuwa namba ya ofisi ya viza. Nyanya zikamdondoka, moja baada ya nyingine.

"Bibi, viza ikikataliwa sitamwona Chen. Kampuni haimpi likizo mpaka mwakani."

Bibi alizidi kuwa mdogo ndani ya khanga yake. "Twende kwa Gulnaz," alisema. "Yule binti yake si aliolewa Oman?"

Walimkuta Gulnaz akipima kitenge. Vumilia alimwamkia, kisha akamweleza yote: Harbin, Changsha, na simu. Gulnaz alijitahidi asicheke. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Alimwagizia Bibi chai kwanza.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Ofisi ya viza inataka kujua ni nani anayekualika, utakaa wapi, na nani atakutunza. Mume wako akihamishwa kazi, mahali pa kukaa panabadilika. Kwa hiyo barua ya zamani haisemi kweli tena. Inatakiwa nyingine."

"Watanikatalia kwa sababu amehamishwa?"

"Kuhamishwa si kosa. Tatizo ni karatasi kusema hivi na mambo kuwa vile. Wakigundua wenyewe, watajiuliza: aliyeficha mji ameficha nini kingine?"

"Na ningefika bila kusema?" Vumilia aliuliza.

"Ukifika China unaandikishwa kwa polisi wa mahali unapolala. Utamwambia polisi wa Harbin kwamba unalala Changsha? Ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Dar."

Bibi aliweka kikombe chini. "Na cheti cha ndoa? Wafunge ndoa upya?"

"Hapana, Bibi. Amebadilisha mji, hajabadilisha mume. Binti yangu vilevile, mumewe alihamishwa karatasi zikiwa bado ofisini. Tuliwapigia siku ileile, wakatuambia la kufanya. Kila ofisi ina utaratibu wake, ndiyo maana unawauliza wenyewe. Hata viza ikiwa imeshatoka, unauliza kabla ya kusafiri. Tiketi je, umenunua?"

"Bado."

"Vizuri. Usinunue mpaka viza itoke."

"Mimi nimenunua koti," alisema Bibi kwa sauti ndogo.

"Koti halina shida, Bibi. Koti ni la mji wa kweli."

Vumilia alipiga simu palepale. Gulnaz akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Dada Eunice, ni Vumilia wa Shinyanga. Mume wangu amehamishwa kikazi, yuko Harbin sasa. Ile barua niliyoleta imepitwa na wakati. Naomba unielekeze."

"Asante kwa kusema mwenyewe," Eunice alijibu. "Leta barua mpya ya mwaliko yenye anwani ya Harbin, na barua ya kampuni inayothibitisha amehamishiwa huko. Fomu tutairekebisha. Itachukua muda, lakini ombi lako bado lipo."

Bibi akaisogelea simu. "Mwanangu, yule aliyekana mume asubuhi si Vumilia. Ni mimi bibi yake. Nisamehe."

"Nilijua, Bibi," alisema Eunice. "Mimi nyumbani ni Kishapu, hukohuko kwenu. Nikisafiri, bibi yangu huwaambia watu naumwa."

Chen alituma barua zote mbili. Vumilia alizifikisha Dar es Salaam, akajibu maswali bila kujikwaa, kwa kuwa hakukuwa na jambo la kukariri. Viza ilitoka. Ndipo akanunua tiketi.

Siku hiyo Bibi alikwenda mwenyewe kwa Mama Athanas. "Vumilia anakwenda China," alisema. "Mjini Harbin. Kahama haendi."

"Tulijua, Bibi," alisema Mama Athanas. Akaingia ndani, akatoka na kofia ya sufu. Alikuwa akiifuma tangu lile koti lilipopita.

Vumilia alifika salama. Asubuhi iliyofuata, yeye na Chen walikwenda polisi kuandikishwa. Polisi aliangalia pasipoti, viza na anwani, hakuona la kuuliza. Aligonga muhuri, kisha akampa Vumilia maji ya moto, kwa kuwa alimwona akitetemeka kwa baridi.

Jioni Vumilia alimpigia Bibi simu ya video. Mama yake Chen alikuwapo, amekuja kumwona mkwe wake. Vumilia aliwaachia simu wazee, akaenda jikoni kumsaidia Chen kupika. Waliporudi, wazee bado walikuwa wakiongea na kutikisa vichwa.

"Bibi, mlikuwa mnazungumza nini muda wote huo?"

"Magoti yanayouma."

"Kwa lugha gani?"

"Alinionyesha lake," alisema Bibi, "nami nikamwonyesha langu."