Damu ya Kidole Changu

Kila asubuhi mimi na dada yangu Ha-yul tuligombania kioo cha bafuni. Mimi nilitaka kupiga mswaki tu, niende zangu shule. Yeye alikuwa akibandika utepe mwembamba juu ya jicho ili kope lipate mkunjo na jicho lionekane kubwa. Anapepesa, anabandua, anabandika tena.

"Dada, nitachelewa!"

"Chelewa! Wewe umezaliwa na mkunjo, utajua nini?"

Kweli nilizaliwa nao, na yeye aliutamani mpaka nikaona haya kumtazama usoni. Picha akipigwa, anafumba macho. Akiona msichana mwenye macho makubwa barabarani, anageuka kumtazama mpaka apotee. Jamani, mtu kutamani hivyo inauma hata kwa anayetazama.

Hapa kwetu Chuncheon, Korea, wasichana wengi wakishamaliza mtihani wa kuingia chuo kikuu hupelekwa kliniki kufanyiwa upasuaji wa kope. Mama alikubali. Lakini Dada ana kisukari tangu akiwa darasa la tatu, na daktari wa kliniki alitaka kwanza aone vipimo vyake vya sukari vya mwezi mzima.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mtahiniwa huletewa peremende za kunata na keki za mchele, eti mtihani usimponyoke. Shangazi alileta, majirani wakaleta, hata mwalimu wa piano akaleta. Dada alikula zote kwa sababu ya hofu ya mtihani, na mtihani ulipokwisha akaendelea kula kwa mazoea. Sukari ikapanda na haikutaka kushuka.

"Sol, lete kidole," aliniambia siku moja, mashine ya kupimia mkononi.

"Changu? Ninaumwa nini mimi?"

"Huumwi kitu, ndiyo maana nakitaka. Mama anaangalia namba tu. Fanya hima, nami nitakupa peremende zote zilizobaki."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na mlafi wa kutupwa. Nikatoa kidole. Mashine ikaonyesha tisini na sita, Mama akaandika daftarini huku anatabasamu. "Umejitahidi, mwanangu," akamwambia Dada. Ikawa hivyo kila siku kwa mwezi mzima.

Jioni ya kuamkia siku ya kliniki, Dada alivua soksi sebuleni. Kisigino chake kilikuwa na kidonda kilichotokana na viatu vipya alivyovaa siku ya mtihani. Wiki tano zilikuwa zimepita, na bado kilikuwa kibichi, kinatoa maji.

"Dada, mbona hakiponi?"

"Funga mdomo wako, Sol. Ukimwambia Mama, sitakusemesha maisha yangu yote."

Nililala nikiwaza kisu kikipita kwenye kope lake.

Kesho yake kliniki, Daktari Pyo alifungua daftari. Alikuwa mama wa makamo, miwani puani. "Vipimo vizuri mno," alisema. Dada alikuwa amekaa wima, uso unamng'aa kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Mungu wangu, nilimpenda mno dakika ile, na nilijua nakwenda kumvunja moyo.

"Ni damu yangu," nikasema.

"Nini?" Mama akageuka.

"Vipimo vyote. Ni damu yangu, Mama. Yake iko juu. Ana kidonda kisiginoni hakiponi."

"Msaliti wee!" Dada akapiga kelele, kisha akajifunika uso na kulia. Daktari akampima palepale: mia mbili themanini na saba.

Mama alimvuta Dada kifuani. "Namba nzuri zilinifurahisha, sikuuliza kitu. Nisamehe."

Daktari Pyo alivua miwani. "Ha-yul, kisukari hakikuzuii kufanyiwa upasuaji. Sukari iliyopanda ndiyo inayozuia. Kidonda hakifungi, usaha unaingia, na hapa tunazungumzia macho. Nenda kwa daktari wako wa kisukari leo hii, na hicho kisigino akione. Ukikaa miezi mitatu sukari ikiwa imetulia, rudi."

"Na nikiwa bado nataka?" Dada aliuliza.

"Kutaka si kosa, binti yangu. Hata mimi nilitaka nilipokuwa kama wewe. Lakini mimi nakata kwa kufuata kile ninachoambiwa. Ukinidanganya, mkono wangu unakata gizani, na atakayeumia ni wewe."

Mama alimpeleka Dada kwa daktari wake siku ileile, kisigino kikatiwa dawa. Dada hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi alinikuta mlangoni navaa viatu, akanifungia kamba kama zamani nilipokuwa mdogo.

"Bado nayataka yale macho," akasema bila kuinua uso. "Nayataka mno, Sol. Lakini leo nimempigia daktari wangu, nimemwambia ukweli wote, hata wa peremende."