Kiberenge na Viatu vya Peku

Asubuhi ikifika, mtaa mzima ulijua kwamba Kiberenge ametumwa mkate. Kwanza ungesikia mlango wa saluni ya mama yake ukijibamiza, halafu sauti nyembamba ikipasua njia: "Pisha! Pisha jamani!" Kufumba na kufumbua, msichana wa miaka kumi na miwili angepita mbele yako, sketi ya shule ikipepea.

"Wewe Kiberenge!" fundi baiskeli alikuwa akimtania. "Siku moja utaipita nyumba yenu usiione!"

"Nikiipita nitageuza, Fundi!" angejibu, naye tayari yuko kona nyingine.

Jina hilo walimpa kwa sababu alikuwa kama kile kigari kidogo cha reli, kelele nyingi na breki kidogo. Shuleni alikuwa mkimbiaji wa mwisho katika timu ya wasichana ya kupokezana vijiti. Kabla yake alikimbia rafiki yake mkubwa, msichana mrefu mwenye miguu myembamba waliyemwita Twiga. Mashindano ya shule za wilaya yalikuwa yamekaribia. Timu mbili za kwanza zingekwenda kukimbia kwenye uwanja mkubwa wa mkoa, wenye majukwaa na taa ndefu. Kiberenge alikuwa akiuota uwanja huo hata akiwa darasani macho wazi.

Tatizo lilikuwa raba zake. Zilikuwa nyembamba mbele kama mdomo wa ndege, na kila baada ya mazoezi vidole vyake vilitoka humo vimebebana. Kucha ya dole gumba ilikuwa imegeuka nyeusi.

Jumapili moja shangazi yake alikuja kuwasalimu. Shangazi huyu alifanya kazi hospitali, kitengo cha tiba ya viungo, akiwafundisha watu waliovunjika au kuteguka kutembea upya. Hakuwa mtu wa kukaa na mguu mgonjwa akautazama tu.

"Hebu lete huo mguu," alisema hata kabla hajamaliza chai. Akaushika, akavitanua vidole, akatikisa kichwa. "Maskini mguu! Umefungwa kama mzigo wa sokoni. Mwanangu, wewe mguu wako ni mpana mbele. Unahitaji viatu vya peku."

Kiberenge akacheka. "Shangazi, kama ni peku, viatu vya nini tena?"

"Ndivyo vinavyoitwa. Soli yake ni nyembamba, kisigino hakikuinuka, na mbele ni vipana ili vidole vijitandaze kama umesimama bila viatu. Lakini havikuchomi miiba wala vigae. Si dawa ya kila kitu, wala havimfai kila mtu. Wewe naona vitakufaa, ukivizoea taratibu. Mama yako akikubali, Jumamosi tutakwenda kutafuta jozi moja, ya mazoezi na ya kila siku."

Mama alikubali. Kiberenge aliruka juu mpaka birika likatikisika mezani.

Kesho yake, Twiga aliposikia habari hizo, alishika tumbo kwa kucheka. "Viatu vya peku! Ni sawa na kununua mwavuli wa kulowana!"

"Cheka tu. Utaona vumbi langu."

Jumamosi walikwenda dukani alasiri, kwa sababu Shangazi alisema mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu cha asubuhi huweza kuwa adui wa jioni. Alikuwa amebeba kipande cha boksi alichokichora kwa kalamu, Kiberenge akiwa amesimama juu yake, kisha akakikata kwa umbo la mguu. Muuzaji, kijana mchangamfu mwenye futi shingoni, alileta viatu hata sakafu ikajaa.

Shangazi alivipima kama mtu anayenunua samaki. Alikunja kiatu katikati. Kilichogoma kukunjika alikirudisha. Alikiweka juu ya meza akatazama kama kisigino kimepanda kuliko vidole. Alisugua soli kwa kiganja aone kama itashika ardhi yenye umande. Hatimaye zilibaki jozi mbili.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi tupu, pana mbele kama mdomo wa bata. Kile kipande cha boksi kiliingia ndani yake kikatulia.

"Hivi ndivyo," alisema Shangazi. "Unavaa shuleni, unatumwa navyo dukani, jioni unakimbia navyo. Mwalimu wako hatakuwa na neno."

Lakini Kiberenge alikuwa ameshaiona jozi ya pili. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, ikiwaka kama kaa la moto, na ubavuni ilichorwa mstari mweupe wa radi. Moyo ulimdunda. Alijiona kwenye uwanja wa mkoa, taa zikimulika, watu wakiuliza, "Nani yule mwenye viatu vya moto?"

Shangazi akaingiza kipande cha boksi. Upande wa kidole cha mwisho kikajikunja.

"Boksi halina mifupa, Shangazi," Kiberenge aliharakisha kusema. "Mguu utajipanga wenyewe."

"Haya, vaa tuone. Lakini niambie kweli. Siwezi kuingia ndani ya mguu wako."

Alivaa. Vidole vikabanana. Muuzaji akapiga goti, akabonyeza ncha ya kiatu kutafuta nafasi. Na hapo, haraka haraka, Kiberenge akavikunja vidole kwa nyuma kama kobe anayerudisha kichwa.

"Nafasi ipo, tena ya kutosha," alisema muuzaji.

"Vinakubana?" Shangazi aliuliza, akimtazama usoni.

"Hata kidogo!"

Shangazi alikitazama tena kipande cha boksi kilichojikunja. "Sawa. Mguu ni wako. Sasa sikiliza. Wiki hii tembea navyo nyumbani tu. Wiki ijayo kimbia kidogo kwenye nyasi, halafu ongeza, halafu ongeza tena. Misuli yako imezoea soli nene, haiwezi kubadilika kwa usiku mmoja. Bandu bandu huisha gogo. Mashindano ya wilaya utakimbia na raba zako za zamani, tutalegeza kamba. Umenisikia?"

"Ndiyo, Shangazi," alisema Kiberenge, lakini masikio yake yalikuwa yameshatoka nje ya duka.

Jumatatu jioni, viatu vya chungwa vilikuwa uwanjani.

Lo! Ilikuwa raha iliyoje! Ardhi aliisikia yote, ubaridi wa nyasi, ugumu wa kona, kokoto ndogo karibu na mstari. Miguu ilikuwa myepesi kama haipo. Alizunguka uwanja, akazunguka tena, Twiga akihema nyuma yake. Mwalimu wa michezo, mwanamke mfupi mwenye filimbi isiyotoka mdomoni, aliitoa ili aweze kusema.

"Kiberenge! Leo umekula nini?"

"Viatu, Mwalimu!" alijibu, na timu nzima ikaangua kicheko.

Asubuhi ya pili hakikuwa kicheko tena. Mashavu ya miguu yalikuwa magumu kama mbao. Kidole cha mwisho kilikuwa na lengelenge lililojaa maji. Aliteremka ngazi kwa ubavu kama kaa.

"Una nini wewe?" mama yake aliuliza, mkononi ameshika kitana cha mteja.

"Mazoezi, Mama. Mtindo mpya."

Akaweka plasta, akavaa soksi nene, akajiambia kwamba yatapita. Hayakupita. Alifanya mazoezi Jumanne, akafanya Jumatano, na kila siku kicheko chake kilizidi kuwa kirefu ili kufunika maumivu. Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili tu kabla ya mashindano, Twiga alikuja mbio na kijiti, mkono mbele, akipiga kelele "Shika!" Kiberenge alinyoosha mkono, akapiga hatua, mguu ukagoma. Kijiti kilianguka, kikabingirika hadi mtaroni.

Twiga hakukifuata kijiti. Alimvuta rafiki yake nyuma ya jukwaa la mbao, akamkalisha, akamvua kiatu mwenyewe. Soksi ilikuwa na damu.

"Kumbe!" alisema Twiga kwa sauti ndogo. "Na kila siku unatuchekea."

"Usiseme, Twiga. Nakuomba. Mwalimu akijua ataniondoa. Nitakosa uwanja wa mkoa."

"Mimi sisemi. Utasema wewe."

"Siwezi."

"Basi Jumamosi nitakuletea kijiti, nawe utaanguka, na tutakuwa tumeanguka wote wanne. Mimi nimekimbia mwaka mzima kwa ajili ya Jumamosi. Na yule Sindano, mchezaji wa akiba, anakaa benchi mzima wa afya, anatupigia makofi tu. Ni haki hiyo?"

Kiberenge alikitazama kiatu cha chungwa kilichokuwa kwenye mkono wa Twiga. Kilikuwa bado kizuri, hilo halikukanushika. Lakini ghafla alikichoka. Alisimama, mguu mmoja una kiatu na mwingine mtupu, akachechemea kuvuka uwanja mzima hadi kwa Mwalimu. Safari hiyo fupi aliiona ndefu kuliko mbio zozote.

Alisema yote. Mwalimu alisikiliza, filimbi ikining'inia kifuani.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema mwishowe. "Nimekasirika, sitakuficha. Lakini umekuja mwenyewe, tena leo, si Jumamosi mbele ya watu. Asante kwa hilo. Twende nikampigie simu shangazi yako."

Shangazi alifika nyumbani kwao jioni na mkoba wake wa kazi. Alibonyeza mfupa baada ya mfupa, akamwambia asimame kwa vidole, akamwambia aruke kidogo. Kisha akashusha pumzi. "Mifupa ni mizima. Ni misuli iliyochoka na ngozi iliyochubuka. Utapumzika. Lakini kidole hiki kinanishangaza. Muuzaji alisema kuna nafasi."

Kiberenge aliinamisha kichwa. "Nilivikunja, Shangazi. Alipobonyeza, nilivikunja vidole."

Halafu bega la Shangazi likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka bila kutaka. "Yaani mimi, na kazi yangu yote hospitali, nimedanganywa na vidole vya mguu!" Alifuta machozi, uso ukarudi kuwa mzito. "Nimecheka, lakini si jambo la kucheka. Jumamosi hukimbii."

Usiku huo mto wa Kiberenge ulilowa machozi. Lakini Ijumaa alikuwa uwanjani, raba za zamani zimelegezwa kamba, akimfundisha Sindano siri zote za kona ya mwisho: mahali pa kuegemea ndani, mahali pa kufungua hatua, mahali pa kutomtazama mtu yeyote. Sindano, msichana mdogo asiye na maneno mengi, aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi ilikuja na jua kali na kelele za shule nyingi. Twiga alipotoa kijiti walikuwa wa nne. Sindano akakipokea kama mtu anayenyakua mkate wake. Akaingia kwenye kona.

"Egemea ndani! Ndani!" Kiberenge alipiga kelele, akiruka mguu mmoja pembeni ya mstari. "Sasa fungua! Fungua, Sindano, fungua!"

Sindano akafungua. Akampita wa tatu. Akampita wa pili kwa kifua tu, pumzi moja kabla ya mstari. Wa pili! Wanakwenda mkoani! Kiberenge alimrukia shingoni, na alipotaka kumpongeza sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka yote.

Viatu vya chungwa havikurudishwa dukani, kwa kuwa vilikuwa vimeshatumika. Shangazi alimvisha Twiga. Kwenye mguu ule mwembamba vidole vilijitandaza bila kugusa ubavu wa kiatu. "Chukua," alisema Kiberenge, na haikumuuma kama alivyodhani. Jozi nyeusi aliipata kwa jasho lake, akifagia nywele saluni likizo nzima na kuosha taulo za wateja.

Safari hii alifuata maelekezo, na Twiga vilevile. Aliosha vyombo akiwa na viatu hivyo, akaenda shuleni navyo, akatumwa mkate akaenda akitembea. Mtaa ulishangaa.

"Kiberenge anaumwa?" fundi baiskeli aliuliza.

"Hapana, Fundi. Nazoea."

Baadaye akakimbia kidogo kwenye nyasi, akaongeza, akaongeza tena. Ikiwa mguu uliuma, alimwambia Mwalimu siku hiyohiyo, naye alimpunguzia. Kucha nyeusi ikadondoka, mpya ikaota.

Siku ya uwanja mkubwa, Mwalimu alimwachia Sindano nafasi ya mwisho, kwa sababu aliistahili, na Kiberenge akapewa kuanza badala ya mwenzao aliyekuwa amehama shule. Bunduki ilipolia, miguu yake iliondoka kabla ya mawazo yake. Aliisikia ardhi tena, safari hii bila mguu kulalamika, na kijiti alikitoa akiwa wa kwanza. Wengine walipambana kufa na kupona. Mwisho walikuwa wa tatu, nao walishangilia hadi timu iliyoshinda ikawageukia kuwatazama.

"Shaba!" alipiga kelele Twiga. "Ikisuguliwa vizuri nani atajua si dhahabu?"

Walipokuwa wamekaa kwenye nyasi wakinywa maji, Shangazi alikuja akakaa kati yao.

"Wanangu," alisema, "kiatu kizuri ni kile ambacho mguu wako unakikubali, si kile ambacho macho ya watu yanakisifu. Na hata ukikipata, mwili una mwendo wake wa kujifunza, huwezi kuupiga mjeledi. Lakini kubwa kuliko yote ni ukweli. Daktari, mwalimu, hata rafiki, hawezi kukusaidia kwa maumivu usiyomwambia. Sema mapema, hata kama utapoteza mbio moja. Mbio zipo nyingi. Miguu mnayo hiyo miwili tu."

Kiberenge alivitazama viatu vyake vyeusi vilivyojaa vumbi la uwanja wa mkoa. "Nimesikia, Shangazi," alisema, na safari hii alikuwa amesikia kweli.