Udongo wa Kaburi la Mama

Yasuhiro alikuta nyayo uani. Ua wenyewe ulikuwa mdogo kama kiganja, na kila unyayo haukuzidi punje ya mchele.

Kwa miaka ishirini pale Shizuoka alikuwa akitengeneza vitako vya nyumba za mfano: ubao chini, povu gumu la kuchonga vilima, plasta, kisha udongo uliochekechwa na kushikizwa kwa gundi. Safari hii alijenga nyumba ya marehemu mama yake kule milimani, aipeleke kwenye maonyesho.

Nyayo zilikuwa za miguu mitupu. Zilitoka mlangoni hadi langoni, zikarudi. Alizifuta kwa brashi. Kesho yake zilikuwepo, nyingi zaidi, kama za mtu anayengoja mgeni asiyefika.

"Baba Nao," mkewe Fumie aliuliza, "udongo huu umeutoa wapi?"

"Dukani."

"Mbona unanuka figili za mama yako?"

Yasuhiro aliinama akajifanya anakwangua gundi. Ni kweli, karakana nzima ilinuka figili za kuchachushwa na ardhi mbichi.

Jumapili adhuhuri, mvua ikinyesha, mlango wa ile nyumba ndogo, mlango aliouchora tu juu ya kadibodi, ukateleza ukafunguka, na kutoka ndani ikaja sauti nyembamba ikimwita Yasu, Yasu, jina ambalo hakuna aliyemwita tangu utotoni, ikiita bila hasira, kama anayemwita mtoto aje kula, na ikaendelea kuita mpaka Fumie akaja mbio na mikono yenye povu la sabuni, akaisikia naye, akaketi sakafuni.

Walimwita mtawa mzee wa hekalu la jirani. Alinusa udongo, akaweka shanga zake za sala chini.

"Jini ningelifukuza," alisema taratibu. "Huyu ameletwa. Mwambie mkeo ulikomtoa."

Yasuhiro alitazama magoti yake. "Kaburini kwa Mama."

"Si uliniambia ulikwenda kufagia kaburi?" Fumie alinong'ona.

"Sikufagia. Nilikwenda na mwiko na mfuko. Nilikumbuka rangi ya udongo wake. Hata ubani sikuwasha." Masikio yalimwaka. "Na siku ya mazishi, niliposema kazi imenizuia, sikuwa na kazi yoyote, Mama Nao. Nilikuwa hapahapa, napaka rangi."

Fumie alimgeuzia mgongo. Hilo lilimchoma kuliko tusi.

"Mrudishe," mtawa alisema.

Gundi ilikuwa imekauka, udongo haukubanduka. Ikabidi wabebe kitako kizima, na ubao wake, hadi milimani. Yasuhiro alichimba kando ya jiwe la kaburi, akakizika, akainamisha paji la uso matopeni.

"Nisamehe, Mama," alisema.

Waliteremka, wakaingia garini, wakafunga mikanda. Alipowasha injini, kengele ikaanza kulia. Kwenye dashibodi taa nyekundu iliwaka: abiria wa nyuma hajafunga mkanda.

"Twende," Fumie alinong'ona, bila kugeuka. "Twende tu, tafadhali."

Yasuhiro alishika usukani kwa muda. Kisha akatoka nje mvuani, akafungua mlango wa nyuma, akauvuta mkanda polepole juu ya kiti kitupu, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kumuumiza mzee, akaufunga.

Kengele ikanyamaza.