Sura Iliyogoma Kutoka Kwenye Kioo

Keziah alifumba macho wakati wote wa kupigwa picha, na yuko tayari kuapa. Lakini kioo, ambacho enzi hizo ndicho kilichoshika picha ya kamera, kilipotolewa kwenye dawa, bibi harusi aliyezama ziwani, yule wa hadithi za kale aliyekuwa akimwigiza, alikuwa ametumbua macho.

Bi Augusta Pell, tajiri wake, alifurahi kupita kiasi. Miaka yote alikuwa akiwavisha watumishi mashuka na taji za majani ndani ya banda la vioo la mizabibu, akiwaita malkia, na wakubwa wa picha wa London hawakumjali. Sasa picha imepata roho, alisema. Kesho tena.

Kesho yake, jua likiwaka, banda lilinuka tope la ziwa. Keziah alilala, kisogo kimebanwa na chuma asitikisike, akasikia maji yakidondoka karibu na sikio, kisha vidole baridi vikamgusa shavu, vikapanda puani, vikashuka mdomoni, taratibu, kama kipofu anayejifunza sura ya mtu, naye hakuthubutu kusogea kwa kuwa kamera ilishafunguliwa, na aliyeharibu picha alifukuzwa kazi, na mama yake mgonjwa hakuwa na mwingine wa kumlisha.

Bi Tubb, mpishi, alipoiona picha alimvuta kando.

"Huyu si wewe, mwanangu. Ni Dorcas."

"Dorcas gani?"

"Aliyekutangulia kazi. Bibi alimlaza ziwani mwezi wa Januari, kwenye baridi kali, kwa picha hiihii. Kifua kikambana, akafa. Kisha bibi akakwangua sura yake ili kioo kitumike tena. Ndicho anachokupigia wewe, kila siku. Anakwangua tu, hata kukiosha vizuri hakioshi."

Keziah alimwendea tajiri wake.

"Kivunje hicho kioo, bibi. Dorcas yumo."

"Najua yumo," alisema Bi Pell, bila hata aibu. "Wewe nimekupiga picha mara ngapi ukatoka kama kiazi? Kalale."

Akalala. Angefanyaje?

Picha ilipata nishani London. Keziah akapewa ruhusa ya Jumapili, akaenda kwao kwa miguu. Mama yake alifungua mlango, akamtazama kwa upole, kama mtu amtazamavyo mgeni.

"Karibu, binti. Sura yako siijui. Umetumwa na Keziah?"

Keziah alifungua mdomo aseme ni mimi, mama. Yakatoka maji ya ziwa, yakamtiririka kidevuni.

"Maskini, unaumwa," alisema mama, akirudi nyuma. "Nenda kapumzike. Ukimwona mwanangu, mwambie aje. Nimemkumbuka."