Wafuasi wa Werema

Mnanisumbua. Nimekaa namenya mihogo yangu, mnataka niseme habari inayonitia kichefuchefu mpaka leo. Haya, sikilizeni, ila msinitapikie mkekani.

Werema wa hapa Nyakunguru alikuwa anatangaza nyimbo za wasanii kwa simu. Anawapiga picha wakicheza, anaziweka mtandaoni, anawasifia. Mdomo alikuwa nao. Watu wa kumfuatilia ndio hakuwa nao. Mwenye ukumbi mmoja kule Sirari akamwambia, "Ukurasa wako mtupu kama kanisa Jumatatu. Lete wafuasi, nikupe jukwaa." Bila jukwaa hilo angerudi kuponda mawe ya dhahabu, kazi iliyomkohoza baba yake mpaka kaburini.

Jioni moja katumwa chumvi dukani. Akapinda njia, akaingia kwa bibi Mokami, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unataka mke, au unataka mtu afe?"

"Nataka wafuasi."

Mokami hajawahi kushika simu. Akamtazama kijana. "Wakufuate mpaka wapi, mura?"

Pumbavu akacheka. "Popote niendapo."

"Wapo wasio na wa kumfuata," bibi akanong'ona.

Akamtuma kwenye duara, shimo la dhahabu lililoporomoka, lile lililofukia wachimbaji na hakuna aliyewatoa. Achote tope la mdomoni mwa shimo, alilambe, aite.

Mdomo wa duara hilo, Efrazia, mjane wa mchimbaji mmoja, alikuwa ameuzungushia miiba, mtu asikanyage alipolala mume wake. Werema alijua. Ugali wa Efrazia alikuwa ameula mara nyingi tu.

Akaisukuma miiba.

Tope lilikuwa vuguvugu. Lilikuwa na nywele.

Akalamba.

"Njooni," akanong'ona. "Nifuateni."

Chini kule... kitu kikakohoa.

Kufika nyumbani, simu inatetemeka mfukoni. Wafuasi wanamiminika, wote hawana picha, hawana jina. Akafurahi kama mbwa aliyeokota utumbo.

Halafu ikaja harufu. Soksi mbichi na nyama iliyochacha. Akigeuka, njia tupu. Lakini nyuma ya nyayo zake kulikuwa na nyayo nyingine, za miguu peku, za tope. Akisimama, nazo zinaishia hapo. Akiingia chooni, nje ya mlango kuna wanaohema. Akiamka, godoro limelowa upande asiolalia.

Angeacha? Thubutu. Siku ya jukwaa akaenda Sirari, jua linazama, kajipaka mafuta mpaka masikioni. Akashika kipaza sauti.

"Wafuasi wangu, mko wapi?"

"Tupo."

Sauti nyingi. Zote zimetoka kinywani mwake yeye.

Likafuata tope, zito, linabubujika, likawarukia waliokaa mbele. Watu wakakimbia wameziba pua.

Akarudi kwa Mokami anatambaa. "Wanataka nini?"

"Ulichoomba nimekupa," bibi akasema. Hata mlango hakuufungua wote. "Wamekaa gizani, hawana wa kuwasemea. Wewe si mtangazaji?"

Akakimbilia kwa Efrazia, akapiga magoti uani.

"Mama, nisamehe. Niliisukuma miiba..."

"Nimeiona," Efrazia akasema. "Nilikuwa nasubiri kumjua mwenye mkono."

Werema akataka kujibu, kikohozi kikamkamata. Akainamia beseni la vyombo. Likatoka tope. Zikatoka nywele. Kisha kikadondoka kitu chekundu, laini, kikatulia katikati ya vijiko.

Ulimi.

 Efrazia akaufunika kwa jani la mgomba, akaupeleka kwenye duara, akautupa ndani.  Siku hizi jioni, upepo ukitulia, pale chini kuna anayetaja majina ya waliofukiwa, moja baada ya jingine, kwa madaha ya mtangazaji. Mume wa Efrazia ametajwa. Na Werema, mwenye ulimi wake, amerudi kuponda mawe, kinywa wazi, nzi wanaingia na kutoka.